Pompeii na mama mwenye magoti mabovu, inawezekana? Au twende Herculaneum?

taratibu_tutafika aliuliza:

Habari zenu wadau, na shikamooni wakubwa. Naomba ushauri kwa waliofika kusini mwa Italia. Nampeleka mama Napoli mwezi wa nane na kitu anachokitaka kuliko vyote ni kuuona ule mji wa Warumi uliofukiwa na volkano, Pompeii, amekuwa akiusoma na kuangalia makala zake kwenye tivii miaka nenda miaka rudi, habari zake anazijua kunishinda mimi. Shida ni magoti. Kwenye tambarare anatembea vizuri tu ila ngazi na mawe mawe vinamsumbua na nimesoma kwamba pale barabara ni zilezile za zamani, mawe makubwa yasiyolingana. Halafu kuna jua. Na tuna kutwa moja tu ya kwenda huko, siwezi kusema leo tuone nusu kesho tumalizie.

Kuna mtu kaniambia achana na Pompeii, nenda Herculaneum, ule mji mwingine uliofukiwa na volkano hiyohiyo, ni padogo na pametunzika zaidi. Mwingine akasema kufika Napoli bila kuiona Pompeii ni bora msiende. Sasa nyie mliofika mnasemaje, mtu wa miaka sabini na kitu ataweza? Tuingilie geti gani, tuone nini tuache nini? Na tuchukue mtu wa kututembeza au tunaweza kujizungusha wenyewe? Asanteni sana.

---

njiani_daima alijibu:

Ataweza kabisa ndugu yangu, ila msiingie kama wanavyoingia watu wote.

Watu wengi wanapanda treni ya Circumvesuviana pale Napoli Garibaldi, ile inayoelekea Sorrento, wanashuka Pompei Scavi Villa dei Misteri baada ya kama dakika arobaini hivi, na geti la Porta Marina liko hapo hapo karibu na stesheni. Ni rahisi kwa mwenye miguu mizima. Lakini Porta Marina ndani yake ni mpando mkali wa mawe yaliyosuguliwa na viatu vya watu mpaka yanateleza, yaani kabla hujaona chochote magoti yameshachoka. Mama yako usimpitishe hapo.

Nyie tumieni geti la Piazza Anfiteatro, upande wa pili kabisa wa mji. Pale ni tambarare na ndiko inakoanzia ile njia wanaita Pompei per tutti, maana yake Pompeii kwa wote, waliifungua mwaka 2016 kwa ajili ya wenye viti vya magurudumu, wazee, na wenye vigari vya watoto. Inazidi kilomita 3, inatoka upande wa uwanja wa michezo inakwenda mpaka Forum, uwanja mkuu wa mji wa zamani, wameweka vivuko na wamesawazisha njia sehemu nyingi kwa hiyo mnapita katikati ya mji bila kurukaruka mawe. Kufika huko pandeni Circumvesuviana ya laini nyingine, ya Poggiomarino, mshuke Pompei Santuario. Watu huwa wanaonywa wasishuke hiyo stesheni kwa sababu iko mbali na Porta Marina lakini kwenu nyie ndiyo yenyewe, mnatokea kwenye mji wa sasa wenye kanisa kubwa na mnatembea kidogo kwenye lami.

Treni yenyewe ni ya zamani, inajaa, kiyoyozi ni bahati. Mama apate siti mapema pale Garibaldi na pochi zikae mbele.

---

zuhura_mtalii alijibu:

Mimi niko upande wa aliyekwambia Herculaneum na nitasema kwa nini. Pompeii ni hekta 66, hata hiyo theluthi mbili iliyochimbuliwa huimalizi kwa kutwa moja ukiwa na miguu ya mwanariadha. Herculaneum sehemu iliyo wazi ni hekta kama 4 au 5 hivi, saa mbili tatu umezunguka kwa utulivu na umeelewa ulichokiona.

Na vitu vimebaki tofauti. Pompeii ilinyeshewa kwanza na vijiwe vyepesi vya volkano, vikajaa juu ya mapaa mpaka mapaa yakaanguka, ndiyo maana nyumba nyingi unazikuta kuta tu. Herculaneum ilipigwa na wimbi la gesi ya moto na majivu halafu ikafunikwa na vifusi vya volkano kama mita 20 kwenda juu, na ule moto ukaifanya mbao iwe mkaa badala ya kuoza. Kwa hiyo unaona milango ya mbao, boriti, fremu za vitanda, kuna nyumba ina kizuizi cha mbao cha kutenganisha sebule bado kimesimama tangu mwaka 79 BK, mwaka wa mlipuko. Ghorofa za juu zipo. Mimi nilisimama chini ya kibaraza cha mbao cha Kirumi nikashindwa kuongea. Mozaiki ya Neptuno na Amfitrite rangi zake za buluu na kijani utadhani fundi kaondoka juzi.

Halafu pale chini palipokuwa ufukwe kuna yale mabanda ya mashua ambamo mifupa ya watu kama 300 ilikutwa kuanzia mwaka 1980, walikuwa wamekimbilia baharini wakisubiri kuokolewa. Hilo peke yake mama yako atalikumbuka maisha.

Stesheni ni Ercolano Scavi, laini ileile ya Sorrento, kama dakika ishirini tu kutoka Napoli.

---

njiani_daima alijibu:

Zuhura nakubaliana na wewe kuhusu kutunzika, ila mwambie na ya pili. Kutoka stesheni ya Ercolano mpaka magofuni ni kushuka na kurudi ni kupanda, kwenye jua la mwezi wa nane. Na magofu yenyewe yako kwenye shimo chini ya mji wa leo. Kwa magoti hilo si jambo dogo. Teksi ya kurudi stesheni ingesaidia.

---

mwl_wa_historia alijibu:

Naingia na mimi kwa sababu swali la tuone nini tuache nini halijajibiwa, na kwangu ndilo kubwa.

Mama yako kwa maelezo yako anaijua Pompeii, hahitaji tena kuthibitishiwa kwamba ni maarufu. Msikimbizane na ile orodha ya nyumba kubwa kubwa. Watu wanaingia na ramani, wanatoka nyumba hii wanaingia ile, foleni Lupanar (lile danguro la zamani), foleni nyumba ya akina Vettii, jioni wanatoka wamechoka wameona kuta nyingi zinazofanana. Pompeii ukuu wake ni kwamba ni mji, si jumba la mfalme wala hekalu. Kwingine utaona walivyoishi wakubwa ila pale unaona mtu wa kawaida alinunua wapi mkate, alichota wapi maji, aliandika nini ukutani alipokasirika. Kwa hiyo mwambie mama aangalie chini na aangalie pembeni.

Chini utaona michirizo ya magurudumu ya mikokoteni imechimba mawe ya barabara, sehemu nyingine ina kina kirefu kweli. Watafiti wameisoma hiyo michirizo wakaona barabara nyingine mikokoteni ilikuwa inaruhusiwa upande mmoja tu. Katikati ya barabara kuna mawe marefu yaliyoinuka, ni vivuko vya watembea kwa miguu maana barabara zilikuwa zinapitisha maji na uchafu, na nafasi kati ya jiwe na jiwe ni ya kupitisha gurudumu. Kwenye makutano kuna mabirika ya maji ya mawe, angalieni ukingo wake, kuna sehemu imelika kwa mikono ya watu waliokuwa wanajiegemeza wakinywa. Mimi hapo nilikaa muda mrefu kuliko kwenye nyumba yoyote. Maji yalikuja kwa mfereji kutoka milimani, yakagawiwa kwenye tangi karibu na Geti la Vesuvius (jina la ile volkano yenyewe) sehemu ya juu kabisa ya mji, yakashuka kwa mabomba ya madini ya risasi, mabomba mengine bado yanaonekana pembeni ya njia.

Pembeni kuna maduka. Kaunta za mawe zenye matundu ya mitungi iliyozikwa ndani, ndizo thermopolia, sehemu za kula chakula cha kununua. Kwenye Via dell'Abbondanza, barabara hiyohiyo mtakayopita nyie, kuna ya Vetutius Placidus ambayo ukutani ina madhabahu iliyochorwa vizuri sana na kwenye mtungi mmoja walikuta sarafu kibao. Tanuri za mikate ziko kadhaa, na mawe ya kusagia yaliyochongwa kwa jiwe la volkano, yalizungushwa na punda. Katika tanuri moja walikuta mikate 81 imeungua mkaa, mikate ya duara iliyokatwa alama za vipande.

Na kuta zimejaa maandishi, zaidi ya 11,000 yameshaorodheshwa, matangazo ya uchaguzi, matusi, mapenzi, hesabu za madeni. Mengi yamefifia au yamehamishwa ila yapo bado ya kuona.

Mkiingilia Piazza Anfiteatro mnaanza na uwanja wenyewe, ulijengwa kama mwaka 70 KK, ulichukua watu karibu 20,000, ni wa zamani kuliko Colosseum ya Roma kwa karibu miaka 150. Mwaka 59 BK mashabiki wa Pompeii na wageni wa kutoka Nuceria walipigana humo mpaka watu wakafa, ikafika Roma kwenye Seneti na mji ukapigwa marufuku ya maonyesho kama hayo kwa miaka 10, mwanahistoria wa Kirumi Tacitus ameiandika. Kaeni hapo, mama apumzike, pembeni kuna Palaestra Kubwa, uwanja wa mazoezi wa zamani, ina miti na kivuli. Halafu twendeni polepole na Via dell'Abbondanza kuelekea Forum na popote atakaposema inatosha, inatosha.

---

taratibu_tutafika alijibu:

Mwalimu asante sana, hii ya kuangalia chini nimemsomea mama amefurahi mno. Njiani_daima ile ya geti umeniokoa kweli, nilikuwa nimeshapanga Porta Marina.

Ameniomba niulize jambo moja, wale watu waliogeuka mawe wanaonekana wapi? Hasa yule mama na mtoto wake. Anasema hiyo picha imekaa naye tangu akiwa kijana.

---

mwl_wa_historia alijibu:

Mwambie mama nimelipokea swali lake kwa heshima zote, na jibu lake ni refu kidogo.

Hawakugeuka mawe. Asubuhi ya siku ya pili ya mlipuko lilikuja wimbi la gesi na majivu ya moto likawaua waliokuwa wamebaki mjini, majivu yakawafunika na kugandamana, miili ikaoza ikabaki mifupa ndani ya uwazi wenye umbo la mtu. Mwaka 1863 msimamizi wa uchimbaji, Giuseppe Fiorelli, akaanza kumimina plasta kwenye uwazi wa namna hiyo kabla ya kuufukua. Plasta ikikauka wanaondoa majivu, linabaki umbo la mtu yule dakika yake ya mwisho, nguo, mikunjo ya uso. Mifupa yake imo ndani ya ile plasta, wengi hawajui hilo. Yametengenezwa zaidi ya mia moja.

Kuhusu mama na mtoto. Kuna nyumba inaitwa ya Bangili ya Dhahabu, humo kulikuwa na mtu mzima amevaa bangili ya dhahabu na mtoto karibu naye, na kwa miaka mingi vitabu vikasema ni mama na mwanawe. Mwaka 2024 watafiti wakatoa majibu ya vinasaba kutoka kwenye mifupa. Yule mtu mzima alikuwa mwanamume, na hana undugu wa damu na yule mtoto. Najua kwa mtu aliyeishi na hiyo picha muda mrefu si rahisi kusikia. Kwangu mimi imekuwa nzito zaidi, kwa sababu ina maana mtu alikuwa na mtoto wa mwenzake saa ile. Tulichowawekea sisi ni hadithi tuliyoizoea, wao walikuwa na yao.

Sehemu inayofikika kwenu ni Bustani ya Wakimbizi, Orto dei Fuggiaschi, iko upande huohuo wa uwanja wa michezo. Watu 13 wakubwa kwa watoto, walikuwa wanajaribu kutoka kwa upande wa kusini, wamewekwa palepale walipoangukia. Pembeni ni shamba la mizabibu.

Ombi langu, na nalisema kwa kila anayekwenda, mkifika hapo msijipige picha nao kwa nyuma. Hao si masanamu. Nimeona vijana wanalala chini wakiiga mkao wao na roho iliniuma sana.

---

zuhura_mtalii alijibu:

Hapo mwalimu umesema kweli tupu. Na niongeze kuhusu tarehe kwa sababu mama anapenda historia, zamani ilikuwa inasemwa 24 Agosti kwa kufuata nakala za barua za mwandishi wa Kirumi Plinio Mdogo, aliyekuwa na miaka 17 akiangalia wingu kutoka Misenum ng'ambo ya ghuba, mjomba wake Plinio Mkubwa akafia Stabiae alikokwenda kuokoa watu kwa meli. Ila mwaka 2018 walikuta maandishi ya mkaa ukutani yenye tarehe ya katikati ya Oktoba, na mkaa haukai sana ukutani, kwa hiyo wengi sasa wanaamini ilikuwa Oktoba.

Pompeii sawa nimekubali kwa magoti. Lakini basi msiache jumba la makumbusho la Napoli, MANN, lipo mjini palepale. Vitu vizuri vyote vilihamishiwa huko. Ile mozaiki kubwa ya vita vya Alexander na Darius utaikuta nakala tu kwenye Nyumba ya Fauni, yenyewe iko makumbusho, sawa na michoro mingi, vyombo, hata mikate iliyoungua. Kuna lifti, kuna kivuli, na jioni mkiwa na nguvu au asubuhi kabla ya ndege mnaweza kuingia. Wanafunga Jumanne.

---

kivuli_na_maji alijibu:

Nilikaa kimya ila mwezi wa nane umenitoa. Wadau wanaongea historia nzuri lakini ndani ya Pompeii karibu hakuna kivuli, mawe yanarudisha joto kutoka chini na saa sita mchana hata vijana wanaishiwa. Majira ya joto wanafungua saa 3 asubuhi mpaka saa 1 usiku, mwisho wa kuingia saa 11 na nusu jioni. Ingieni saa 3 kamili mtoke kabla jua halijawaka, saa 6 muwe mnakula nje. Au muanze saa 9 alasiri. Kwa mama yako mimi ningechagua asubuhi.

Maji yapo, kuna bomba za kunywa ndani, nyingine zimefungwa kwenye mabirika yaleyale ya Kirumi, chupa yako unajaza bure. Choo kipo upande wa uwanja wa michezo na kingine karibu na Forum ambako kuna na mkahawa. Kati yake ni mwendo mrefu, mama aende choo mapema bila kusubiri kubanwa. Viatu vya soli ya mpira. Fimbo ya kutembelea iwe na mpira chini.

Kuhusu mtu wa kuwatembeza, mimi nasema mchukueni, lakini wa kwenu peke yenu, sio kundi. Kundi lina mwendo wake na halimsubiri mwenye magoti. Wenye leseni ya mkoa wa Campania wanakuwa na kitambulisho, mwambieni mapema mnataka kwenda polepole na mnataka njia ya tambarare. Wale wanaowafuata watu kutoka stesheni wakisema ofisi ya tiketi ni hapa, wapiteni tu.

---

mwl_wa_historia alijibu:

Nakubali, ila kwa anayesoma kama huyu mama hata kutokuwa na mtu ni sawa. Kimya kina faida yake pale. Akiwa na mtembezaji awe wa saa mbili za mwanzo halafu aachwe.

Na msiguse michoro, hata kama kamba haipo. Mwaka 2010 jengo zima, Schola Armaturarum, liliporomoka kwa mvua na kukosa matunzo, ndipo mradi mkubwa wa ukarabati wa euro milioni 105 ukaanza. Theluthi iliyobaki chini ya ardhi kwa sehemu kubwa wameiacha kwa makusudi, chini ya udongo inatunzika kuliko juu.

---

taratibu_tutafika alijibu:

Basi tumeamua. Pompeii asubuhi saa 3, geti la Piazza Anfiteatro, Bustani ya Wakimbizi, kisha polepole mpaka atakapochoka, mtembezaji wa saa mbili. Makumbusho asubuhi nyingine. Habari ya bangili nimemweleza, amenyamaza kidogo halafu akasema afadhali amejua.

La mwisho, tiketi nikate pale getini au mtandaoni? Na mkoba wa dawa zake unaruhusiwa?

---

njiani_daima alijibu:

Mtandaoni, kwenye tovuti rasmi ya magofu, na msisubiri. Tangu Novemba 2024 wameweka kikomo cha watu 20,000 kwa siku na tiketi inaandikwa jina, kwa hiyo majina yawe kama yalivyo kwenye pasipoti na mwende na pasipoti zenyewe. Mara ya mwisho nilipokwenda ya kawaida ilikuwa euro 18, angalia bei ya sasa. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure lakini umati wake si wa kumpeleka mzee.

Mkoba mwisho ni sentimita 30 kwa 30 kwa 15, ukizidi unaachwa sehemu ya mizigo getini bila malipo. Wa dawa utapita bila shida, weka na kitu cha sukari humo.